Bwawa la Dereva Halipoi

Asubuhi, nyumba hii huamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ni ya cherehani katika chumba cha mbele. Mama wa nyumba ni fundi wa nguo, naye huanza kazi kabla chai haijachemka. Sauti ya pili hutoka nyuma ya nyumba. Ni ya maji ya chemchemi yanayoshuka kwa bomba kutoka mlimani. Maji hayo ni safi, tena ni baridi sana. Ukiyanywa kwa haraka meno yanauma.

Baba wa nyumba anaitwa Dereva. Kwa miaka mingi aliendesha lori la mizigo, safari za mbali. Nyumbani alikuwa kama mpita njia. Alifika, akafuliwa nguo, akalala, akaondoka tena.

Siku moja alirudi mchana bila kutoa taarifa. Mtoto wao mdogo, msichana, alimwona mlangoni. Akakimbilia ndani.

"Mama! Kuna mgeni!"

Fundi alicheka. Dereva hakucheka. Aliketi na mkoba wake magotini, kama mgeni kweli. Haikupita muda mrefu akamrudishia tajiri wake funguo za lori.

"Utafanya nini huko nyumbani?" tajiri alimuuliza.

"Nitafuga samaki."

"Samaki?" Tajiri alicheka mpaka akakohoa. "Haya bwana. Ukichoka kucheza na maji, lori lipo."

Dereva alichimba bwawa nyuma ya nyumba. Lilikuwa bwawa kubwa. Ukitaka aliye ng'ambo akusikie, sharti upaze sauti. Akanunua vifaranga vya perege, akawatia humo. Samaki wakakua. Kila mchana mtoto alikwenda na baba yake kuwalisha. Samaki wote aliwapa jina moja. Aliwaita Shangazi.

"Kwa nini Shangazi?" baba yake aliuliza.

"Angalia midomo yao. Haitulii."

"Shangazi yako asikusikie," Dereva alisema, lakini alicheka mpaka akamwaga chakula cha samaki.

Baada ya muda maji ya bwawa yakawa ya kijani. Mama yake Fundi, ambaye aliishi nao, hakupendezwa. Huyu ni bibi anayefagia uwanja mara mbili, kisha anafagia alama za ufagio.

"Mkwe wangu," alimwambia Dereva, "maji haya yanatutia aibu. Mtu akiyaona atasema hatuogi."

"Usijali, mama. Kesho nayabadilisha."

"Utayabadilisha yote?" aliuliza Fundi, huku sindano ikiwa mdomoni. "Si upunguze tu?"

"Mke wangu, umeona wapi oili chafu ikichanganywa na mpya? Ukimwaga oili, unamwaga yote. Hiyo ndiyo kazi safi."

Kesho yake Dereva alimwaga maji. Aliacha kidogo tu kwenye kona yenye kina, na samaki wote wakajazana humo. Akasugua kuta za bwawa. Kisha akafungua bomba la chemchemi mpaka mwisho. Maji yakaingia kwa nguvu hadi bwawa likajaa.

Bwawa lilipendeza. Maji yalikuwa maangavu, na mtu aliweza kuona kila jiwe chini. Bibi alisimama ukingoni akatabasamu.

"Sasa hili ni bwawa la watu wenye heshima," alisema.

Lakini mchana, samaki hawakuja kula. Chakula kilielea juu mpaka kikalowa na kuzama. Mtoto aliwaita Shangazi wote. Hakuna aliyekuja. Walikuwa wamelala chini kabisa, hawasogei. Siku iliyofuata wachache walielea wakiwa wamekufa. Baadaye wakafa wengine. Baadhi ya waliobaki walikuwa na madoa meupe kama pamba kwenye ngozi.

Dereva aliwaokota kwa wavu. Fundi aliacha cherehani, akamletea ndoo. Alishika upande mmoja wa ndoo na Dereva akashika wa pili, ingawa haikuwa nzito.

Katika hali hiyo simu ikalia. Alikuwa tajiri.

"Dereva niliyempata ameacha kazi," alisema. "Lori limesimama. Nakungoja wewe. Mwisho wa mwezi nataka jibu."

Dereva alimweleza mkewe jikoni. Hakumtazama usoni.

"Samaki hawa wakiendelea kufa, itabidi nirudi barabarani. Nyumba haiwezi kuendeshwa na cherehani peke yake."

Fundi alifunika chungu, akajifuta mikono.

"Nisikilize, baba. Mimi sina mapenzi na samaki. Nina mapenzi na baba wa mtoto wangu kukaa hapa nyumbani. Kama samaki ndio watakaokuweka hapa, basi hawafi tena hata mmoja. Leo nakwenda kumwita Mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa jirani yao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu ufugaji wa samaki. Jina lile la Mtaalamu lilianza kama utani wa watoto wake. Mwishowe mtaa mzima ukamwita hivyo.

Kabla Mtaalamu hajafika, Bibi naye alikuwa ameamua kuchukua hatua. Alitia mkono bwawani, akasikia maji yana baridi. Akakoka moto mkubwa nje. Akabandika sufuria kubwa kuliko zote, ile ya kupikia wakati wa shughuli. Maji yalipochemka, aliifunga khanga kiunoni, akaibeba sufuria kuelekea bwawani.

"Hodi hapa!" Mtaalamu aliita kutoka upande wa nyumba.

"Karibu ndani," alijibu Fundi.

"Siingii ndani. Nimekuja kuwaona wagonjwa." Kisha akamwona Bibi. "Mama! Simama hapo hapo! Hiyo sufuria unaipeleka wapi?"

"Nawapelekea maji ya moto. Wanaumwa na baridi."

"Ukiyamimina hapo, mama yangu, walio karibu watakuwa supu. Walio mbali hawatajua hata kama umekuja."

Bibi alitazama sufuria. Akatazama bwawa, kubwa kama lilivyo. Akaanza kucheka mwenyewe.

"Kweli. Ni kama kulipasha joto soko zima kwa kibiriti."

"Maji hayo tuyapikie chai," alisema Mtaalamu. Akampokea sufuria ile nzito, akaiweka chini. "Na ninyi mmekula? Nyuso zenu zinasema hamjala."

Hawakuwa wamekula. Fundi alileta mkate, na wote wakaketi ukingoni mwa bwawa. Mtaalamu hakuwalaumu. Alitoa kipimajoto kwenye mfuko wake. Kilikuwa kimefungwa kwenye kamba ndefu. Alikishusha majini, akangoja, akakitoa.

"Perege anapenda maji ya uvuguvugu," alisema. "Anastawi yakiwa karibu nyuzi ishirini na nane. Ni kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga yakipoa kidogo: ukitia kiwiko chako, hushtuki kwa baridi wala moto. Yakishuka chini ya ishirini, samaki anaacha kula. Mwili wake unakosa nguvu. Hapo ndipo magonjwa kama haya madoa meupe yanampata. Maji yenu sasa ni kumi na nane."

"Lakini maji ya chemchemi ni safi," alisema Dereva. "Mimi nilidhani nawafanyia hisani."

"Najua. Nyumba hii haina mtu mwenye roho mbaya." Mtaalamu alimega mkate. "Niambie, wewe ni mtu wa magari. Lori likichemka njiani, unafungua rejeta na kumimina maji ya mtoni hapo hapo?"

"Thubutu!" Dereva aliruka. "Injini inapasuka! Unangoja kwanza. Halafu unatia kidogo kidogo..."

Walitazama bwawa.

"Loo," alisema Dereva polepole. "Nimewapasua samaki wangu."

"Hujawapasua wote. Hao waliobaki tutawaponya. Kwanza, tusiwasumbue. Msiwatie wavu bila sababu. Wakiwa na baridi, msiwalazimishe kula, maana chakula kinaoza chini na kuchafua maji. Jua likipanda, wapeni kidogo sana muone. Na ule ukijani uliokuwepo, haukuwa uchafu."

"Haukuwa uchafu?" aliuliza Bibi kwa mshangao.

"La, mama. Ni mimea midogo mno ambayo jicho haliwezi kuiona mmoja mmoja. Samaki wanaila. Tena maji ya kijani hushika joto la jua vizuri. Ukitaka kujua kama ukijani umezidi, zamisha mkono majini polepole. Maji yakifika kwenye kiwiko na bado unaona vidole vyako kwa mbali, ni sawa. Vidole vikipotea mapema, hapo umezidi. Punguza chakula, kisha badilisha maji kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza Fundi.

"Gawa bwawa mafungu matano kwa macho. Badilisha fungu moja tu. Mengine manne yanabaki. Yale yaliyobaki ndiyo yanayolinda joto."

Halafu Mtaalamu alishusha tena kipimajoto, lakini safari hii hakukizamisha sana. Alipima maji ya juu. Kisha akakishusha mpaka chini kabisa, akapima tena. Akamwita Fundi asome.

"Juu ni joto kidogo," alisema Fundi. "Chini ni baridi zaidi."

"Jua linapasha maji ya juu kwanza. Sasa, Dereva, bwawa likijaa kupita kiasi, bomba lako linatoa maji ya wapi?"

Dereva alionyesha bomba lililosimama majini, mdomo wake ukiwa usawa wa maji. "Ya juu. Yanazidi, yanaingia mdomoni, yanatoka nje ya ukuta."

"Na bomba la chemchemi huwa wazi?"

"Siku zote. Kidogo kidogo."

Fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Akapiga paji la uso.

"Jamani! Jua linafanya kazi mchana kutwa, nasi tunamwaga kazi yake nje! Tunabaki na ya chini ya baridi. Ni kama mtu aliyenyeshewa, anapewa koti kavu, analivua na kubaki na shati bichi."

"Fundi umemaliza somo," alisema Mtaalamu. "Na huko chini ndiko uchafu unakokaa. Maji mnayotaka yatoke ni ya chini. Nitawaonyesha njia rahisi."

Kazi ilianza siku ile ile.

Kwanza Dereva alifunga bomba la chemchemi lisiingie bwawani moja kwa moja. Kisha akachukua bomba nene zaidi. Akakata matundu upande wake wa chini, akalivika juu ya lile bomba jembamba la kutolea maji, kama mkono wa koti unavyovikwa mkono wa mtu. Mdomo wa bomba nene aliuacha juu zaidi ya maji. Sasa maji ya juu hayakuweza kuingia. Maji yaliyotaka kutoka yalilazimika kupita kwenye matundu ya chini, yapande katikati ya mabomba mawili, ndipo yaende nje.

"Hii nimeipenda," alisema Dereva akijipangusa jasho. "Ni ufundi hasa."

Pembeni ya bwawa alichimba kidimbwi kipana lakini chenye kina kifupi, hakifiki hata gotini. Walikitandika nailoni nyeusi. Maji ya chemchemi yalikuwa yakiingia humo kwanza. Yalikaa kwenye jua mpaka baridi ikaisha, ndipo yalipofunguliwa kuingia bwawani kupitia mfereji mdogo.

"Kwa nini nyeusi?" aliuliza mtoto.

"Umewahi kuvaa nguo nyeusi juani?" mama yake alimuuliza.

"Nilitoka jasho."

"Basi na maji nayo tunayavalisha."

Upande unakotoka upepo, Dereva alisimamisha nguzo na kufunga turubai kukuu la lori, alilopewa zamani na tajiri. Mtaalamu alikuwa amewaambia kwamba upepo huiba joto la maji kama unavyopoza uji kwenye sahani. Juu ya sehemu yenye kina wakapinda fito, wakatandaza nailoni angavu inayopitisha mwanga.

Siku ya kwanza upepo uliibeba ile nailoni mpaka uani kwa jirani. Bibi aliifuata mbio akiita kama anaita kuku. Fundi aliingia ndani, akakata magunia, akayashona yakawa mifuko mirefu na myembamba. Akashona mifuko hiyo kwenye kingo za nailoni, na kuijaza mchanga. Upepo ulirudi. Nailoni haikusogea.

"Hili ndilo bwawa pekee lililoshonewa nguo," alijisifu Dereva kwa kila aliyepita.

Jioni walishusha nailoni ili joto la mchana lisitoke. Asubuhi jua likipanda, waliinua upande mmoja ili hewa ipite. Polepole maji yakaanza kupata joto na ukijani ukarudi. Samaki wengine zaidi walikufa mwanzoni, halafu vifo vikakoma. Siku moja mchana mtoto alitupa chakula kidogo, na mdomo mmoja ukatokeza.

"Shangazi amekuja!" alipiga kelele. Nyumba nzima ilitoka mbio. Bibi alitoka na mwiko mkononi.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa bado. Mawingu yalitanda, na jua likawa haba kwa siku kadhaa. Asubuhi moja Dereva aliinua nailoni, akasikia harufu mbaya. Samaki walikuwa wamejaa juu ya maji. Midomo ilikuwa wazi, wanahema.

Dereva alishikwa na hofu. Maji yalihitaji kubadilishwa, na kwenye kidimbwi yalikuwa bado ni baridi. Alikimbilia bomba la chemchemi, lile walilolifunga lisiingie bwawani moja kwa moja. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya koki.

"Usifungue!" aliita Fundi.

"Wanakufa, mke wangu! Huoni? Wanataka maji!"

"Wanataka hewa. Maji wanayo. Ukifungua hiyo, utawaua kwa baridi kama mwanzo. Ngoja, nampigia Mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa kazini mbali, lakini alipokea. Fundi aliweka simu kwa sauti ili wote wasikie, akamweleza yote.

"Mama wa watu, umesema kweli," alisema Mtaalamu. "Hiyo ni shida ya hewa. Inueni nailoni yote. Leo msiwape chakula kabisa. Choteni maji ya bwawa hilo hilo kwa ndoo, myamimine kutoka juu, yaanguke kwa kishindo. Yakipigwa hivyo yanaingia hewa, na hayapoi sana. Fanyeni bila kuacha. Mchana kidimbwi kikipata joto, toeni ya chini fungu moja, muingize ya kidimbwi taratibu. Hiyo koki ya chemchemi iacheni."

Dereva aliondoa mkono kwenye koki. Alichukua ndoo.

Wote walichota. Dereva alimimina kutoka juu ya ngazi. Fundi alisimama kwenye maji yaliyomfika magotini, ameikunja sketi yake. Bibi alitumia ile sufuria kubwa.

"Nilijua itapata kazi yake!" alisema, akaangusha maji kwa kishindo.

Mteja mmoja wa Fundi alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Aliona kazi ile. Hakuuliza gauni. Alivua viatu, akaomba kikombe cha kuchotea kwa kuwa ndoo zilikuwa zimekwisha. Alichota mpaka mkono ukachoka, kisha akabadilisha mkono.

Polepole midomo ya samaki ikaanza kupungua juu ya maji. Mmoja alizama. Wengine wakafuata. Dereva aliketi kwenye ngazi, amelowa mwili mzima.

Mchana wingu lilifunguka. Halikuwa jua kali, lakini lilitosha. Nailoni nyeusi ya kidimbwi ilianza kufanya kazi yake. Dereva aliangalia kidimbwi, akaangalia jua, akarudi kwenye kidimbwi. Bibi alimwambia akae, anamzungusha kichwa. Hatimaye Fundi alitia kiwiko kwenye kidimbwi. Akatia kiwiko kwenye bwawa. Akarudia.

"Yanalingana," alisema. "Mwogeshe mtoto."

Dereva alichomoa bomba la ndani ili maji ya chini yatoke. Nje ya ukuta yalitoka meusi, yananuka, na yalikuwa baridi. Fundi aliyagusa akaurudisha mkono haraka. Fungu moja lilipotoka alilirudisha bomba, kisha wakafungua mfereji wa kidimbwi. Maji ya uvuguvugu yaliingia taratibu, bila kishindo. Dereva alitaka kuuongeza mfereji. Mkewe alimtazama tu. Akauacha.

Jioni walifunika bwawa. Asubuhi hakuna samaki aliyeelea. Mchana wake mtoto alitupa chakula kidogo, na maji yakachemka kwa mikia na midomo.

Tangu siku hiyo walibadilisha maji kwa njia hiyo hiyo. Hawakungoja tena harufu. Walichagua siku ya jua, wakatoa ya chini, wakaingiza ya kidimbwi. Siku za mawingu walipunguza chakula. Majirani wenye mabwawa walikuja kulitazama lile bomba lililovaa bomba lingine. Dereva aliwaeleza kwa sauti ya mtu anayejua. Fundi akapata maagizo ya mifuko mirefu ya mchanga.

Mwisho wa mwezi tajiri hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, ameketi nyuma ya usukani wa lori. Alikuwa hajaendesha siku nyingi, nusura abomoe ua.

"Nimekuja kukuchukua," alimwambia Dereva. "Panda, kabla sijaua mtu na hiki chombo."

"Shuka kwanza, tajiri wangu. Karibu uone."

Walizunguka nyuma ya nyumba. Dereva aliinua nailoni. Tajiri aliinama, akatia mkono majini.

"Haya maji mmeyachemsha?"

"Tulijaribu, tukakatazwa," alisema Bibi.

Tajiri alitazama samaki, wanene na wepesi, wakikata maji chini ya kivuli chake. Alitazama turubai lake la zamani likizuia upepo.

"Kwa hiyo hurudi."

"Sirudi," alisema Dereva. "Lakini yupo jirani yangu, dereva mzuri, hana kazi. Anatumia akili barabarani. Nimekwisha zungumza naye. Kasimama pale nje anakungoja."

Tajiri alitikisa kichwa, akacheka. Safari hii hakukohoa. Dereva alifungua boneti ya lori, akasikiliza injini, akakaza mkanda wa feni uliokuwa umelegea. Hakuombwa. Akamwelekeza dereva mpya namna ya kuingiza gia ya pili, maana ilikuwa na matata yake.

Lori likanguruma, likaondoka. Mtoto alikuwa amesimama kando ya barabara. Alipunga mkono, kama alivyozoea lori hilo likiondoka. Alipunga mpaka vumbi likatulia. Kisha akageuka, akamwona baba yake amesimama nyuma yake, mikono imejaa grisi.

"Baba! Hukwenda?"

"Niende wapi?"

Mtoto alifikiri kidogo.

"Basi nawe punga," alisema. "Umpungie yule aliyekwenda."

Dereva aliinua mkono wake mchafu, akaipungia barabara tupu. Halafu wakaenda kuwalisha samaki, maana jua lilikuwa limeshafika juu.